Damu Ikiulizwa Habari za Ngano

Kipande cha kitovu cha mtoto mchanga, kilichokatwa chembamba kuliko karatasi, kimelazwa juu ya kioo cha hadubini. Kwa wengi wetu kitovu huzikwa, na pale kilipozikwa ndipo mtu anapopaita kwao. Hiki hakikuzikwa. Mtaalamu wa maabara anakidondoshea majimaji ya damu ya mgonjwa, anasubiri, anasuuza, kisha anaongeza dawa yenye rangi inayong'aa ikimulikwa. Anazima taa ya chumba na kuinamia hadubini. Kama damu ile haina kitu, anaona giza. Kama mwenye damu ana ugonjwa wa siliaki, kuta za mishipa ya kitovu zinawaka kijani, uzi baada ya uzi, na hata mwanafunzi aliyeanza kazi wiki hii hawezi kuzipita bila kuziona.

Hicho ni kipimo cha kingamwili za endomisiamu, ambacho kwenye fomu za maabara huandikwa EMA. Mwanzoni kilifanywa kwa vipande vya umio wa tumbili, baadaye kitovu kikachukua nafasi. Kilianza kutumika miaka ya 1980, na kwa zaidi ya miaka kumi madaktari walikitegemea bila kujua ni kitu gani hasa mle ndani kilichokuwa kikishikwa na kingamwili. Jibu lilitoka Berlin mwaka 1997, pale Walburga Dieterich, Detlef Schuppan na wenzao walipokitambua kitu hicho: kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi ya tishu. Kuanzia hapo haikuwa lazima tena kuinamia hadubini gizani. Kimeng'enya chenyewe kikapakwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, mashine ikasoma rangi, na ikatoka namba. Ndiyo tTG-IgA inayosomwa leo kwenye karatasi za maabara kutoka Helsinki hadi Nairobi.

Nimeanza na kitovu kwa sababu namba ile inapofika mikononi mwa mgonjwa huwa imekwisha kusahau ilikotoka. Inaonekana kama hukumu: 38, na pembeni yake "kawaida: chini ya 20". Mtu anatoka hospitali akiamini ana ugonjwa wa maisha, au hana kabisa. Ninavyoona mimi, kipimo hiki ni kati ya vipimo bora tulivyonavyo kwa magonjwa ya tumbo, lakini damu hujibu swali lililoulizwa tu. Ukimpima mtu asiyestahili kupimwa, au ukampima kwa wakati mbaya, jibu litakuwa sahihi kimaabara na baya kwa mgonjwa.

Siliaki si mzio wa ngano, na si tumbo kujaa gesi baada ya mkate. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Baadhi ya vipande vyake havimeng'enywi vikaisha. Vinapenya ukuta wa utumbo mwembamba, na huko vinakutana na ile transglutaminasi, ambayo kazi yake ya kawaida ni kusaidia kufunga vidonda. Kimeng'enya hicho kinavibadilisha kidogo vipande vya gluteni, na mabadiliko hayo yanavifanya vishikike barabara na jeni za aina mbili, HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Kwa mwenye jeni hizo, kinga ya mwili huweza kuona adui. Inaishambulia gluteni na kimeng'enya cha mwili wenyewe kwa pamoja, na vijidole vidogo vinavyofyonza chakula kwenye utumbo vinachakaa hadi vinalala. Chuma hakifyonzwi, kalsiamu haifyonzwi, mtoto harefuki, mtu mzima anapungukiwa damu bila kujua sababu. Wengine huharisha miaka mingi. Wengine hawaharishi hata siku moja.

Katika maelezo hayo liko jambo moja linaloamua karibu kila kitu kuhusu kipimo: kingamwili hutengenezwa pale tu mtu anapokula gluteni.

Ndiyo maana kosa linaloniuma kuliko yote ni hili. Tuseme dada mmoja tumbo lake limekuwa likimsumbua kwa mwaka mzima. Anasoma kwenye simu kwamba ngano ni mbaya. Anaacha chapati, anaacha maandazi, mkate haupiti mlangoni kwake. Anakula wali, ugali, mihogo, viazi. Wiki ya tatu tumbo limetulia. Miezi minne baadaye anaamua kwenda kupima ili awe na uhakika, na jibu linarudi hasi. Daktari aliye na haraka anamwambia, huna siliaki. Lakini kipimo hakikusema hivyo. Kimesema kwamba kwa miezi minne iliyopita mwili wake haujapata sababu ya kutengeneza kingamwili, na hilo alilijua yeye mwenyewe jikoni.

Wala nafuu aliyoipata si ushahidi kama anavyodhani. Kabla ya vipimo vya damu, nafuu ndiyo iliyokuwa kipimo. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa ameishaishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipokosa mkate kwa njaa ya vita, na kisha mkate uliporudi, shaka yake ilizidi kupata uzito. Mwaka 1950 akaiandika katika tasnifu yake ya Utrecht. Alichofanya yeye, hata hivyo, ni kuondoa ngano, kuirudisha na kufuatilia kwa vipimo na mizani, kwa watoto waliokuwa wagonjwa hasa. Dada yetu ameondoa tu. Na ngano ina mambo mengine zaidi ya gluteni: ina sukari za aina ya fruktani, ambazo huwaletea gesi na maumivu watu wengi wenye utumbo mwepesi kukereka, wasio na siliaki hata chembe. Mwenye siliaki na mwenye utumbo wa namna hiyo wakiacha chapati, wote wawili watapata nafuu ileile.

Atakayeuliza, kama amepona kuna haja gani ya jina, namjibu kwamba haja ni kubwa. Mwenye utumbo unaokereka anaweza kula sambusa mbili harusini na kulipia kwa usiku mmoja wa tumbo kunguruma. Mwenye siliaki hata unga uliobaki kwenye kaango unamdhuru, mifupa yake inahitaji kuangaliwa, na watoto wake wanahitaji kupimwa. Ni maisha mawili tofauti.

Njia ya kurekebisha kosa hilo ipo, lakini ni chungu: kurudia kula ngano kabla ya kupima. Miongozo mingi hutaja gramu 3 hadi 10 za gluteni kwa siku kwa wiki 6 hadi 8, ingawa wengine huanza kuonyesha dalili ndani ya wiki 2. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu 2 hivi. Vipande viwili kwa siku, au chapati moja ya nyumbani, hufikisha kile kiwango cha chini. Unamwomba mtu aliyeanza kupata raha ale tena, kila siku, kitu anachokihofia. Wengi hukataa, na siwalaumu. Neno moja tu lingewaepusha na mateso hayo, lililotakiwa kusemwa mapema: pima kwanza, ndipo uache.

Tuje kwenye swali la nani apimwe, maana hapa ndipo akili ya kawaida hupotea kirahisi. Chukua kipimo kizuri, kinachonasa wagonjwa 95 katika kila 100, na kinachowapa jibu sahihi la hasi watu 97 katika kila 100 wasio na ugonjwa. Namba hizo haziko mbali na tTG-IgA ya kawaida. Sasa pima watu 10,000 katika nchi ambayo mtu mmoja katika kila 100 ana siliaki, kadirio linalokaribia hali ya Ulaya. Wagonjwa ni 100, na 95 wananaswa. Wasio wagonjwa ni 9,900, na asilimia 3 yao, yaani 297, wanapata chanya ya uongo. Karatasi za chanya ziko 392, na wagonjwa wa kweli ndani yake ni 95. Mmoja katika wanne.

Peleka kipimo hichohicho mahali ambapo ugonjwa ni wa mtu mmoja katika 1,000. Wagonjwa ni 10, wananaswa 9 au wote 10. Chanya za uongo ni 300. Sasa kati ya kila watu 100 wanaorudi nyumbani na karatasi ya kutisha, 3 tu ndio wenye ugonjwa. Mashine haijaharibika, wala mtaalamu hakukosea.

Kisha pima watu ambao mmoja katika kila 10 ni mgonjwa, kama inavyokaribia kuwa kwa ndugu wa damu wa mwenye siliaki. Katika 10,000 wagonjwa ni 1,000, wanaonaswa 950, na chanya za uongo 270. Karatasi ya chanya sasa ni ya kweli karibu mara nne katika tano. Kipimo ni kilekile, sindano ni ileile, na maana ya jibu imegeuka kabisa kwa sababu ya kitu kilichojulikana kabla ya sindano kuchoma: hadithi ya mgonjwa. Daktari anayeuliza maswali kumi kabla ya kuandika fomu anaongeza thamani ya kipimo kuliko maabara inayonunua mashine mpya.

Upande wa hasi ni mtulivu zaidi. Katika mfano wa kwanza, hasi 9,600 na ushee zimeficha wagonjwa 5 tu. Kwa mtu anayekula ngano kila siku na mwenye kinga ya kawaida, tTG-IgA iliyo hasi ni habari njema ya kuaminika, isipokuwa dalili zake ni nzito kiasi kwamba daktari hawezi kulala bila kuangalia utumbo wenyewe. Wapo wagonjwa wachache ambao damu yao haionyeshi kitu.

Hilo la kinga ya kawaida lina mtego wake. IgA ni aina moja ya kingamwili, na wapo watu waliozaliwa bila kuitengeneza. Miongoni mwa wenye siliaki wanakadiriwa kuwa 2 au 3 katika 100, wengi kuliko katika jamii kwa jumla. Mtu wa namna hiyo ukimtafutia kingamwili za IgA utapata hasi hata utumbo wake uwe umechakaa wote. Dawa yake ni ndogo na ya bei nafuu ukilinganisha na madhara ya kuikosa: kwenye fomu ileile uandike pia kiasi cha IgA yote mwilini. Ikiwa ipo, tTG-IgA inasomeka. Ikiwa haipo, unahamia kwenye vipimo vya IgG, vya tTG au vya peptidi za gliadini, sehemu ya gluteni. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2015 imeviweka vipimo hivyo viwili, tTG-IgA na IgA yote, pamoja katika hatua ya kwanza. Kwangu, fomu iliyo na kimoja bila kingine ni fomu isiyokamilika.

Wala vipimo hivyo vya IgG visichanganywe na vile vya vyakula 100 au 200 vinavyouzwa kama vipimo vya "vyakula visivyokufaa". IgG dhidi ya chakula huonyesha tu kwamba umekula chakula hicho. Haisemi lolote kuhusu siliaki.

Sasa ukubwa wa namba. Chanya ya 22 pale ambapo mpaka ni 20, na chanya ya 400, zote zimepewa neno moja kwenye karatasi, lakini hazifanani. Namba ndogo ndogo zinazovuka mpaka kidogo huonekana kwa watu wenye ugonjwa sugu wa ini, kwa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao namba zao mara nyingine hushuka zenyewe bila wao kuacha ngano, na baada ya baadhi ya maambukizi. Namba kubwa sana karibu kila mara ina sababu moja. Kwa msingi huo jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa tumbo la watoto, ESPGHAN, mwaka 2012 ilichukua hatua ambayo wakati ule iliwashtua wengi: mtoto ambaye tTG-IgA yake imefika mara 10 ya mpaka wa juu, akiwa na dalili na jeni zinazohusika, na EMA yake ikiwa chanya, angeweza kutangazwa mgonjwa bila kuchukuliwa kinyama. Mwaka 2020 masharti ya jeni na dalili yakaondolewa. Kilichobaki ni namba mara 10 na EMA chanya katika damu iliyotolewa mara ya pili.

Nauona uamuzi ule kuwa wa busara na wa huruma. Kuchukua kinyama kunamaanisha mpira wenye kamera kupita mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, vipande vinne au zaidi kuchomolewa, na kwa mtoto mdogo dawa ya usingizi. Kama damu imejibu kwa sauti kubwa mara mbili, kumpitisha mtoto huko ni kumwongezea mzigo. Kwa watu wazima mjadala haujatulia. Wakati wa Uviko-19, vyumba vya endoskopi vilipofungwa, chama cha madaktari wa tumbo cha Uingereza kiliruhusu njia hiyo mwaka 2020 kwa walio chini ya miaka 55 wasio na dalili za hatari. Wanaosita wana hoja nzito: kwa mtu mzima, kamera hutafuta pia mambo mengine, ikiwemo saratani. Kuna pia tatizo la kimaabara ambalo wagonjwa hawaambiwi, nalo ni kwamba mara 10 ya kiwanda kimoja si mara 10 ya kingine. Kila kiwanda kina vizio vyake na mpaka wake. Namba ya maabara moja haiwezi kuwekwa kando ya namba ya nyingine kama bei za soko.

Hapa kwetu Afrika Mashariki uchambuzi unabidi uanze upya, kwa sababu ule uliojengwa Ulaya ulisimama juu ya msingi mmoja: kwamba vijidole vya utumbo vikilala, siliaki ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kwetu sivyo. Mwaka 1969 G. C. Cook, S. K. Kajubi na mwenzao walieleza umbo la utumbo wa watu wa Uganda, na kilichojulikana tangu miaka ile ni kwamba katika nchi za joto vijidole hivyo mara nyingi ni vifupi na vipana, kama majani au matuta, hata kwa watu wasiolalamika. Mjini Lusaka, katika mtaa wa Misisi, Paul Kelly na wenzake walifuatilia watu wazima kwa miaka na kukuta hali hiyo karibu kwa kila mmoja. Maji machafu, maambukizi ya kurudiarudia, giardia, VVU, kifua kikuu cha tumbo, hata dawa ya presha iitwayo olmesartan: vyote vinaweza kuupa utumbo sura inayofanana na siliaki chini ya hadubini. Mchunguzi wa vinyama aliyefundishwa kwa picha za Ulaya anaweza kuandika "inaendana na siliaki" kwa uaminifu kabisa.

Kwa hiyo naamini kwetu mizani inahama. Kinyama, kilichoitwa kwa miaka mingi shahidi mkuu, kinapungua uzito. Damu, hasa EMA ile ya kitovu, inapanda, kwa sababu ndiyo inayoelekeza kidole kwa gluteni badala ya uchakavu wowote ule. Ninachokihofia ni kuunganisha viwili vilivyo dhaifu: tTG iliyovuka mpaka kidogo, na vijidole vilivyofupika kidogo. Kila kimoja kina maelezo mengine, lakini vikiwekwa kwenye faili moja vinaonekana kama ushahidi uliokamilika, na mtu anapewa katazo la maisha. Katika hali hiyo ningependa kuona EMA imefanywa, minyoo na giardia vimetibiwa, na damu imerudiwa baada ya miezi michache huku mtu akiendelea kula ngano.

Haimaanishi siliaki ni ugonjwa wa wageni. Katika miaka ya 1990 wataalamu walipowapima kwa EMA watoto karibu 1,000 wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha ugonjwa kwa asilimia 5.6, kiwango kikubwa kuliko cha nchi yoyote ya Ulaya. Ni watu ambao mababu zao waliishi kwa maziwa ya ngamia na tende, na kizazi hiki kinakula mkate wa ngano kila siku. Sudan nako ugonjwa unafahamika vizuri kwa madaktari wa watoto. Pwani yetu imechanganya damu na Uarabuni, Uhindini na Pembe ya Afrika kwa karne nyingi, na meza zetu za asubuhi zimejaa ngano. Kumpima kila mwenye upungufu wa damu Tanzania au Kenya kungezaa zile chanya za uongo 300. Lakini mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza ambaye harefuki, au mwanamke ambaye damu yake haipandi licha ya vidonge vya chuma, minyoo ikiwa imekwisha kutibiwa na hedhi yake si nzito, hao nafasi yao ni tofauti na ya umati, na wanastahili sindano hiyo.

Kipimo cha jeni nikitaje kwa ufupi. Ukikosa HLA-DQ2 na HLA-DQ8, siliaki karibu inafutika. Ukiwa nazo, hujajifunza mengi: Ulaya watu 30 hadi 40 katika kila 100 wanazo na wengi wao watakula mkate hadi uzeeni kwa amani. Kinafaa zaidi kwa yule dada aliyekwisha kuacha ngano na hataki kuirudia, maana jeni hazijali ulichokula.

Baada ya ugonjwa kuthibitishwa, tTG huendelea kupimwa ili kuona kama mgonjwa ameacha ngano kweli. Hushuka kwa miezi, na wengi hufika kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ikibaki juu, gluteni inaingia mahali fulani: kwenye unga wa mtama uliosagwa kinu kimoja na ngano, kwenye mchuzi wa soya. Lakini ikishuka haiapi kwamba utumbo umepona, maana vijidole huweza kubaki vimelala huku damu ikiwa safi. Mtu ambaye bado anakonda asitulizwe kwa karatasi hiyo peke yake.

Na ndugu zake wapimwe, hata wasiolalamika. Wazazi, watoto, kaka na dada. Jibu lao ni la siku ile tu: mtoto aliyekuwa hasi akiwa na miaka 4 anaweza kuwa chanya akiwa na 9, kwa chapati zilezile na jiko lilelile, na ni jukumu la aliyeandika fomu ya kwanza kumwambia mama yake arudi naye.